Familia za Kifilipino na Ununuzi wa Nyumba Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya familia za Kifilipino za California na Nevada zinazotafuta nyumba ya kwanza. Nimeyajibu kwa Kiswahili kwa sababu Waswahili wengi wa huku wanafanya kazi wodi moja na Wafilipino, wanasali nao kanisa moja, na wapo waliooana nao. Mfilipino akikwama kwenye makaratasi ya nyumba, mara nyingi wa kwanza kuulizwa ni mwenzake wa zamu. Sheria za shirikisho ninazozitaja ni zile zile Marekani nzima. Penye sheria ya jimbo nimelitaja jimbo.

Kinachonisukuma ni kimoja. Nyumba ni ya familia, na mtaa pia iuchague familia yenyewe. Dalali, benki, muuzaji, hata jamaa wenye nia njema, wote wana namna zao za kuichagulia bila yenyewe kujua.

Ni sheria gani inayomlinda Mfilipino anayenunua nyumba?

Iliyo kuu ni Sheria ya Makazi ya Haki, Fair Housing Act, iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Inakataza kumnyima mtu nyumba, au kumpa masharti tofauti, kwa sababu ya mbari, rangi, dini au asili ya taifa lake. Jinsia iliongezwa 1974. Ulemavu na kuwa na watoto wa chini ya miaka 18 viliongezwa 1988. Kwa upande wa mikopo ipo sheria nyingine ya 1974, ya usawa katika kukopa, inayozuia pia ubaguzi wa umri na wa hali ya ndoa.

Ipo na ya zamani zaidi, ya 1866, ambayo watu huisahau. Sheria ya 1968 ina mianya midogo, kwa mfano mtu anayeuza nyumba yake mwenyewe bila dalali. Ile ya 1866 haina mwanya wa namna hiyo kwa ubaguzi wa mbari. Mahakama Kuu ya Marekani ililithibitisha hilo mwaka 1968.

Wazee wetu husema zamani Mfilipino hakuruhusiwa kununua nyumba. Ni kweli au ni hadithi?

Ni kweli, tena ni ya juzi. Ufilipino ilikuwa koloni la Marekani kuanzia 1898 hadi 1946. Mfilipino aliyekuja California kukata asparaga mashambani Stockton hakuhesabiwa mgeni kamili wala raia. Hoteli za mji huo ziliweka mabango ya kuwakataza Wafilipino kuingia. Januari 1930, huko Watsonville, makundi ya wazungu yaliwashambulia Wafilipino kwa siku kadhaa, na kijana mmoja, Fermin Tobera, akapigwa risasi akafa.

Kuhusu ardhi, majimbo ya pwani ya magharibi yalikuwa na sheria za kuwazuia Waasia kumiliki, na jimbo la Washington mwaka 1937 lilizipanua makusudi ziwaguse Wafilipino. Pio DeCano akaenda mahakamani na kushinda 1941. California, Celestino Alfafara alishinda kesi kama hiyo mwaka 1945. Uraia wenyewe ulifunguliwa kwa Wafilipino mwaka 1946.

Hayo yanakugusa leo kwa njia moja ambayo wengi hawaitarajii. Ukinunua nyumba iliyojengwa miaka ya 1920 au 1940, katika ule mrundo wa karatasi za hati unaweza kukuta kifungu kinachosema nyumba isikaliwe na mtu asiye mzungu, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Nimeona mama wa Kifilipino akikisoma kifungu hicho, kidole juu ya mstari, kalamu ya kusainia mkononi. Akauliza kama bado anaruhusiwa kusaini. Anaruhusiwa. Tangu 1948, katika kesi ya Shelley na Kraemer, mahakama haziwezi kutekeleza vifungu hivyo, na sheria ya 1968 ilivizika kabisa. California inakuruhusu kuomba kifungu hicho kifutwe kwenye kumbukumbu za kaunti. Kama kinakuuma, omba. Ni haki yako.

Dalali wetu ametuambia, "Mtaa ule mtaupenda, Wafilipino wamejaa." Ubaya uko wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wema wanapokosea zaidi.

Dalali haruhusiwi kukuelekeza mtaa kwa kuangalia asili yako. Iwe anakupeleka au anakuzuia, yote ni makosa. Akikuonyesha Daly City peke yake, ambako karibu theluthi ya wakazi ni Wafilipino, wakati pesa yako inatosha pia miji mingine mitano ya jirani, amekwisha kukuchagulia. Akisema "kule hamtajisikia nyumbani" naye amekuchagulia. Hana haja ya kuwa na chuki. Anaweza kuwa anakupenda, anaweza kuwa Mfilipino mwenyewe, na bado sheria imevunjwa, kwa sababu kuna nyumba ambazo hukuziona na hutajua kamwe kwamba zilikuwepo.

Dalili zake ni hizi. Unampa kiwango cha bei na idadi ya vyumba, lakini nyumba zote anazoleta ziko upande mmoja wa barabara kuu. Unauliza kuhusu mtaa fulani, anabadilisha mazungumzo. Anakusifia mtaa kwa duka la mkate wa pandesal na kanisa lenye misa ya Kitagalog, wakati wewe uliuliza kuhusu mafuriko na kodi ya majengo. Rafiki yako wa rangi nyingine, mwenye kipato kama chako, anatumiwa orodha tofauti na dalali huyo huyo.

Cha kufanya: mwandikie vigezo vyako, kwa ujumbe au barua pepe, bila kutaja watu. Bei ya juu kabisa, vyumba, chumba cha chini kwa bibi asiyeweza ngazi, dakika za kufika hospitali unakofanya kazi. Kisha mwambie alete kila nyumba inayotimiza vigezo hivyo katika kaunti nzima. Ninyi ndio mchuje. Karatasi hiyo itakusaidia sana siku ukihitaji kuthibitisha kilichotokea.

Na kama sisi wenyewe tunataka kukaa karibu na Wafilipino wenzetu?

Kaeni! Hakuna sheria inayomzuia mnunuzi kuchagua majirani zake. Vallejo, Daly City, Carson, National City, Las Vegas, Waipahu kule Hawaii, yote ni miji ambayo familia zilikwenda kwa kufuatana, ndugu akimvuta ndugu, na kuna faida kubwa ya mtu kujua nani atamwangalia mtoto wake akiwa zamu ya usiku. Ila msimwombe dalali awahesabie watu wa mtaa kwa asili zao. Aliye mwangalifu atakataa kujibu, nanyi mtadhani ana jeuri, kumbe analinda leseni yake. Hilo mlitafute wenyewe: takwimu za sensa ziko wazi kwa kila mtu, na misa ya Jumapili moja itawaambia mengi.

Vivyo hivyo maswali kama "mtaa uko salama?" na "shule ni nzuri?" Madalali wengi hawayajibu moja kwa moja, kwa kuwa majibu yake huficha habari za mbari. Ulizeni idara ya polisi ya mji na ofisi ya elimu ya wilaya.

Ni lazima tumtafute dalali Mfilipino?

Si lazima, wala si vibaya. Anayezungumza Kitagalog, Kiilokano au Kibisaya anaruhusiwa kutangaza kwamba anazijua lugha hizo. Hapaswi kutangaza kwamba anahudumia Wafilipino tu. Mimi huwaambia watu waulize mambo mawili kabla ya undugu: mwaka jana uliuza nyumba ngapi katika bei yetu, na zilikuwa mitaa gani? Majibu ya swali la pili yakiwa mtaa mmoja tu, rudini kusoma niliyoyaandika juu.

Anataka tusaini mkataba kabla hata hajatuonyesha nyumba. Ni halali?

Ndiyo. Tangu 17 Agosti 2024 madalali wengi wanabanwa na utaratibu huo. Soma muda wa mkataba na ujira wake. Vyote viwili vinajadilika. Mkataba wa mwezi mmoja unatosha kumjua mtu.

Tutakaa wanane: sisi, watoto watatu, babu, bibi na shangazi. Wanaweza kutukatalia?

Watoto wanalindwa na sheria moja kwa moja. Muuzaji hawezi kusema hataki familia yenye watoto, isipokuwa kwenye makazi yaliyotengwa kisheria kwa ajili ya wazee wa miaka 55 na kuendelea. Hapo muwe macho, hasa Nevada na Arizona: nyumba huonekana rahisi, nzuri, iko kando ya uwanja wa gofu, na mnagundua siku za mwisho kwamba wajukuu hawaruhusiwi kuishi humo.

Kuhusu babu, bibi na shangazi, ipo kesi ninayoipenda. Mji wa East Cleveland, Ohio, ulikuwa na kanuni iliyoamua ni ndugu gani wahesabiwe kuwa familia moja. Bibi mmoja, Inez Moore, alikuwa anaishi na mwanawe na wajukuu wawili waliokuwa watoto wa ndugu tofauti. Mji ukamhukumu siku tano jela na faini ya dola 25 kwa sababu mjukuu mmoja "hakuwa familia" kwa kipimo chao. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ikaitupa kanuni ile na kusema kwamba familia ya bibi, shangazi na wajukuu ni familia yenye mizizi kama ile ya baba, mama na watoto. Kwa hiyo mji hauwezi kukuchagulia ni ndugu gani uishi nao.

Unachoweza kufanya mji ni kuweka idadi ya watu kulingana na ukubwa wa vyumba, kwa usalama, na kanuni hiyo iwe kwa kila mtu. Wapangaji huambiwa sana habari ya watu wawili kwa kila chumba cha kulala. Huo ni mwongozo wa upangaji, wala haumaanishi benki inaweza kukunyima mkopo kwa sababu ya wingi wenu.

Ukitaka kuwajengea wazee kijumba uani, California imelegeza sana masharti ya vijumba hivyo miaka ya karibuni. Uliza idara ya ujenzi ya mji kabla ya kusaini ununuzi. Na kama nyumba iko chini ya chama cha wamiliki wa mtaa, soma kanuni zake zote. Nimeona kanuni zinazogusa jiko la nje, ambalo nyumba nyingi za Kifilipino huwa nalo kwa kukaangia samaki mkavu harufu isijae sebuleni. Kanuni ya moshi kwa kila mtu ni sawa; barua za malalamiko zinazokuja kwa nyumba moja tu, wakati jirani anachoma nyama kila Jumamosi, ni jambo la kutunzia kumbukumbu.

Mimi ni nesi, nimekuja kwa kazi. Bila uraia naweza kupata mkopo?

Uraia si sharti. Manesi wengi wa Kifilipino huingia na visa ya uhamiaji ya ajira, kwa hiyo wanapewa ukazi wa kudumu tangu mwanzo, na mwenye grini kadi anakopa kwa masharti yale yale ya raia. Mwenye visa ya muda ndiye ana kazi zaidi. Tangu 25 Mei 2025 mikopo yenye dhamana ya FHA, idara ya serikali ya shirikisho inayodhamini mikopo ya nyumba, haipatikani kwa wasio wakazi wa kudumu. Mikopo ya kawaida ya benki bado iko, ila benki hutofautiana, kwa hiyo uliza tatu au nne. Benki inaruhusiwa kuuliza hali yako ya uhamiaji. Kumtaka Mfilipino grini kadi na kumwachia Mkanada mwenye visa kama yake, hilo haliruhusiwi.

Nusu ya mshahara wangu ni ovataimu. Itahesabiwa?

Kwa kawaida, ukiwa na historia yake ya kama miaka miwili na mwajiri akithibitisha kwamba itaendelea. Zamu za hospitali ya pili nazo ni hivyo hivyo. Usibadilishe kazi katikati ya maombi bila kumwambia mkopeshaji.

Malipo ya awali lazima yawe asilimia 20?

Hapana, na imani hii imechelewesha familia nyingi. Mkopo wa FHA huanzia asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mkopo (credit score) 580 au zaidi. Mikopo ya kawaida kwa wanunuzi wa mara ya kwanza huanzia asilimia 3. Kwa nyumba ya dola 500,000, hiyo ni dola 17,500 au 15,000, halafu weka kando gharama za kufunga ununuzi, mara nyingi asilimia 2 hadi 5 ya bei.

Chini ya asilimia 20 utalipa bima ya mkopo kila mwezi. Kwenye mkopo wa kawaida unaweza kuomba iondolewe deni likifika asilimia 80 ya thamani ya awali, na kwa sheria hujiondoa yenyewe kwenye asilimia 78 ukiwa unalipa vizuri. Kwenye FHA, ukitoa chini ya asilimia 10 mwanzoni, bima hiyo hukaa muda wote wa mkopo. Tofauti hii muiulize kwa tarakimu. Pia ulizeni msaada wa malipo ya awali wa jimbo: California upo kupitia CalHFA, shirika la jimbo la fedha za nyumba, Nevada kupitia mpango wa Home Is Possible.

Pesa zetu zimetoka kwenye paluwagan, na nyingine mama anatuma kutoka Iloilo. Benki itazikubali?

Paluwagan ni upatu, mchezo wa kupokezana kama tunavyoujua kwetu. Wenzetu wananunulia magari, wanasomeshea watoto, na sasa wanaweka malipo ya awali ya nyumba. Shida ni kwamba benki ya Marekani inaona dola 12,000 zikiingia siku moja bila maelezo, na afisa wake anaanza kuuliza.

Mkopeshaji hutazama taarifa za benki za miezi miwili. Ingizo kubwa, kwa kipimo cha kawaida lile linalozidi nusu ya mapato yenu ya mwezi, linahitaji maelezo. Kwa hiyo zamu yenu ya kupokea ipangeni mapema, pesa ikae benki zaidi ya miezi miwili kabla ya kuomba. Tunzeni daftari la mchezo: majina, tarehe, viwango. Michango yenu wenyewe ipitisheni benki, si mkononi.

Na hili mnisikilize vizuri. Ukipokea mapema halafu umebakiza miezi minane ya kuchangia, hilo ni deni, na fomu ya mkopo inakutaka utaje madeni yote. Litaje. Kusaini fomu ya benki yenye uongo ni kosa la jinai, na kwa asiye raia linaweza kugusa hata uhamiaji wake.

Pesa ya mama ni zawadi, na zawadi ya mzazi inakubalika. Itahitaji barua yenye jina lake, uhusiano wenu, kiasi, na kauli kwamba hatarudishiwa. Pia ushahidi wa ilikotoka na ilivyoingia. Kama aliuza kiwanja, aweke mkataba wa mauzo na risiti ya kodi. Zawadi hailipiwi kodi ya mapato Marekani, lakini zawadi kutoka kwa mtu wa nje zikizidi dola 100,000 kwa mwaka lazima mpokeaji azitolee taarifa kwa mamlaka ya kodi. Adhabu ya kutokutoa taarifa ni kali kuliko watu wanavyodhani.

Afisa wa mkopo akidai kwa pesa ya kutoka Ufilipino karatasi ambazo hadai kwa pesa ya kutoka Kanada au Uingereza, mwombe akuonyeshe kanuni kwa maandishi.

Tunatuma nyumbani dola 600 kila mwezi. Itahesabiwa kuwa deni?

Kwa kawaida hapana, kwa kuwa ni hiari yenu. Na hapo ndipo penye hatari: benki itakuambia unaweza kulipa dola 3,400 kwa mwezi kwa sababu haizioni zile 600. Ninyi mnaziona. Mkiketi kupiga hesabu, anzeni na pesa ya nyumbani, ada ya mdogo wenu anayesoma Cebu, na tiketi za Krismasi, halafu ndipo mtaje uwezo wenu. Sijawahi kuona familia ya Kifilipino iliyoacha kumtumia mama ili ilipe nyumba. Nimeziona zilizochelewesha nyumba ili zimtumie mama.

Kuya, kaka yetu mkubwa, amekubali kusaini mkopo pamoja nasi. Kuna tatizo?

Kuna mambo mawili ambayo familia huyachanganya: kuwa kwenye mkopo na kuwa kwenye hati. Aliye kwenye mkopo anadaiwa deni lote, si sehemu yake tu. Aliye kwenye hati anamiliki. Kaka anayesaini mkopo bila kuwekwa kwenye hati anadaiwa nyumba isiyo yake, na deni hilo litaonekana kwenye kumbukumbu zake siku atakapotaka kununua ya kwake.

Amueni pia jinsi ya kumiliki. Katika umiliki wa pamoja wenye kurithiana, mmoja akifa sehemu yake inakwenda kwa aliyebaki. Katika umiliki wa mafungu, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, na shemeji wa Manila anaweza kujikuta mwenye nyumba mwenzenu. Wekeni maandishi, hata kama Ate (dada mkubwa) na Kuya wanaona ni kukosa adabu kuandikiana baina ya ndugu. Heshima kwa mkubwa haipungui kwa karatasi moja ya wakili.

Kama mko California, Nevada, Texas, Washington au jimbo jingine la mali ya pamoja ya ndoa, madeni ya mume au mke yanaweza kuhesabiwa kwenye mkopo wa FHA hata kama hajasaini.

Baba alikuwa jeshi la majini la Marekani. Inatusaidia?

Inamsaidia yeye, na sana. Mkopo wenye dhamana ya idara ya maveterani hauhitaji malipo ya awali wala bima ya kila mwezi. Marekani iliandikisha vijana Ufilipino kwa jeshi lake la majini tangu 1947 hadi 1992, miaka mingi ikiwaweka kuwa wapishi na watumishi wa meza za maofisa. Wengi wao wana haki hii na hawajaigusa. Mjane wa aliyefia kazini, au kwa ugonjwa uliotokana na utumishi, anaweza kuwa nayo pia. Watoto hawairithi.

Waliopigana Vita vya Pili vya Dunia chini ya bendera ya Marekani ni habari nyingine, nayo inauma. Sheria ya 1946 iliwanyang'anya mafao wengi wao, na malipo ya 2009, dola 15,000 kwa raia na 9,000 kwa asiye raia, yalikuta wengi wameshazikwa.

Tumwandikie muuzaji barua yenye picha ya familia?

Msiandike. Nimesoma barua nzuri mno: watoto wanne mbele ya taa ya nyota ya Krismasi, sanamu ya Mtoto Yesu (Santo Niño) rafuni, maneno ya kumshukuru Mungu. Inamwonyesha muuzaji mbari yenu, dini yenu, na kwamba mna watoto, yaani mambo yale yale asiyopaswa kuyatumia. Anaweza kuwapenda kwa hayo. Anaweza pia kuwakataa kwa hayo, na hamtajua. Oregon ilijaribu kuzipiga marufuku barua hizi mwaka 2021, mahakama ikaizuia sheria hiyo mwaka uliofuata. Nguvu yenu iwekeni kwenye bei, tarehe ya kufunga na barua ya benki.

Tukiikataa nyumba kwa sababu ya ngazi, dalali atatucheka?

Wazee wengi wa Kifilipino huhesabu ngazi: oro, plata, mata, yaani dhahabu, fedha, kifo, na ya mwisho isiangukie mata. Ni nyumba yenu. Mwambieni dalali mapema azihesabu kabla ya kuwaendesha saa nzima.

Mthamini ameipa nyumba bei ya chini kuliko tulivyotarajia.

Mnunuzi ana haki ya kupata nakala ya uthamini siku tatu za kazi kabla ya kufunga. Soma nyumba alizolinganisha. Je, zote amezichukua mtaa wa Wafilipino na kuruka za karibu zaidi, zinazofanana, upande wa pili wa barabara? Mwombe mkopeshaji auangalie upya, ukimpa nyumba tatu zilizouzwa karibuni. Mara nyingine ni soko tu. Mara nyingine siyo.

Hati zote ni Kiingereza, na bibi ndiye anayetoa pesa.

California, mkopeshaji aliyejadiliana nanyi kwa Kitagalog anatakiwa awape muhtasari wa masharti kwa Kitagalog kabla ya kusaini. Fomu nyingi za mkopo zina tafsiri rasmi za Kitagalog za kusomea. Ya kusainiwa hubaki ya Kiingereza. Mtoto wa miaka 12 asifanywe mkalimani wa deni la miaka 30.

Zipo karatasi mbili za kusoma neno kwa neno. Ya kwanza ni makadirio ya mkopo, yanayotakiwa kutolewa ndani ya siku tatu za kazi baada ya kuomba. Ya pili ni taarifa ya kufunga, siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Ziwekeni sambamba, mlinganishe riba, ada na jumla. Kilichopanda, aliyepandisha aeleze.

Tunahisi tumebaguliwa, lakini hakuna aliyetutukana. Tufanyeje?

Ubaguzi wa leo hausemi kwa sauti. Unasema nyumba imeshachukuliwa, na wiki ijayo bado inatangazwa. Andikeni siku ile ile: tarehe, saa, jina la aliyezungumza nanyi, maneno aliyotumia. Pigeni picha tangazo. Msifute ujumbe wowote.

Kama ni mkopo uliokataliwa, benki ina siku 30 za kuwajibu kwa maandishi, na mna haki ya kupewa sababu. "Haujatimiza vigezo vyetu" peke yake si sababu.

Kisha pelekeni malalamiko kwenye Wizara ya Nyumba, HUD, simu 1-800-669-9777, ndani ya mwaka mmoja. Hakuna malipo. Mahakama ya shirikisho ina muda wa miaka miwili. California ina pia idara yake ya haki za raia, na sheria ya jimbo hilo inalinda hata hali ya uhamiaji na lugha ya mtu. Kulipiza kisasi kwa aliyelalamika ni kosa jingine peke yake.

Vyama vya makazi ya haki vya mikoani huweza kutuma wajaribu: watu wawili wenye kipato sawa na asili tofauti, kwa dalali yule yule, kuona kila mmoja anaonyeshwa nini. Mahakama Kuu iliwapa wajaribu haki ya kushitaki mwaka 1982. Ndiyo maana nasisitiza mwende mapema, nyumba ikiwa bado sokoni.

Mume Mkenya, mke Mfilipino. Kuna tofauti yoyote?

Kisheria hakuna. Mnalindwa wote wawili, na pia kwa sababu ya kuwa pamoja. Kwa uzoefu wangu, muwe macho na simu: mke mwenye lafudhi moja anaambiwa nyumba ipo, mume mwenye lafudhi nyingine anaambiwa imekwenda. Pigeni wote.

Ushauri huu tunaupata wapi, na kwa bei gani?

Tafuteni shirika la ushauri wa nyumba lililoidhinishwa na HUD. Orodha iko kwa simu 1-800-569-4287. Mengi hayatozi kitu kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, au hutoza kidogo. Nendeni kabla ya kumtafuta dalali, na taarifa za benki za miezi miwili, karatasi za mshahara, ripoti ya mkopo, na orodha ya wote mnaotarajia kuishi nao. Mtu akitaka mamia ya dola mkononi kwa ahadi ya "kuwapitishia" mkopo, ondokeni hapo.